Mafuta ya Miaka Mitano

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo mchana, mapema kuliko walivyotabiri, na paa la ukumbi wa kuongozea chombo linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Wamekinga ndoo katikati ya kompyuta mbili ghali kuliko nyumba yangu. Roketi inaruka Jumamosi. Tumeijenga darubini hii miaka kumi na moja, na bado hatujaweza kuziba paa.

Jumanne, 5 Machi

Mama mkwe amehamia kwetu. Mguu haujapona na ngazi za kwake zinamshinda, kwa hiyo mume wangu amemtandikia kitanda sebuleni. Jambo la kwanza aliloniuliza, mbele ya mwanawe, ni kama Jumamosi na Jumapili nitakuwepo nyumbani. Nikamwambia hapana, chombo kinaruka.

"Kinakwenda wapi?"

"Kuna mahali, mama, mbali kuliko mwezi mara nne hivi, upande wa dunia uliolipa jua mgongo. Ukiwa pale, jua na dunia vinakuvuta pamoja, unalizunguka jua sambamba na dunia, hamwachani mwaka mzima. Darubini itakaa huko, jua na dunia vyote viwe nyuma yake, itazame gizani."

"Na hapo mahali pana nini?"

"Hapana kitu. Patupu."

Akamgeukia mwanawe. "Miaka kumi na moja mkeo anajenga gari la kwenda mahali patupu."

Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nimeona heri niandike hapa kuliko kujibu.

Alhamisi, 7 Machi

Somo kapita mezani kwangu na vikombe viwili vya kahawa, kama kila asubuhi. Mimi na yeye ni wajina: mwaka wa kwanza chuoni mhadhiri aliita jina, tukaitika wawili, na tangu siku hiyo hatuitani kitu kingine ila Somo. Sasa yeye ni naibu mkurugenzi wa kituo, mimi ni mkuu wa dawati la njia, tunaopiga hesabu za mwendo wa chombo. Cheo kimepanda lakini kichwa hakijavimba. Ndiye mtu pekee huku kazini ninayeweza kumwambia nimechoka bila kuonekana dhaifu.

Tumeupitia mpango kwa mara ya mwisho. Roketi itakipa chombo kasi pungufu kidogo, kwa makusudi. Hatuna breki: injini iko upande wa jua na inasukuma kwenda mbele tu, na tukisema tukigeuze ili kisukume kurudi nyuma, jua litaingia kwenye darubini na kuiunguza. Kikizidi kasi basi tena, kitapita na kutokomea. Kikipungukiwa, tunakijazia wenyewe. Ila kujazia kuna wakati wake. Jumapili asubuhi, kikiwa bado karibu na dunia, msukumo mdogo unatosha. Ukichelewa, deni linakua, na linalipwa kwa mafuta. Mafuta ndiyo umri wake. Tumekipa ya miaka kumi na miwili.

"Jumapili asubuhi, hata mbingu zidondoke," akasema Somo.

Jumamosi, 9 Machi

Imeruka. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi kila mtu alikuwa mahali pake. Kasi ilikuwa pungufu kama tulivyotaka, wala si zaidi. Amri ya kuwasha injini ilikuwa tayari, ilibaki kuituma. Ndipo simu ikalia kutoka juu: subirini. Mheshimiwa anayeshika mfuko wa kituo atakuja kesho na anataka kuona kwa macho yake injini ikiwashwa.

Nilidhani ni utani. Niliposadiki ni kweli, nikainuka kwenda juu kwa Mkurugenzi, lakini sikuweza kuondoka: chombo kilikuwa kinabadilisha antena na anayeidhinisha ni mimi. Somo akanishika bega. "Kaa. Nitakusemea mimi. Ananisikiliza zaidi."

Nikampa hesabu kwenye karatasi, kwa lugha nyepesi. Kila tunapochelewa tunakata maisha ya chombo, si kidogo. Akapanda ngazi mbio, viatu mkononi kwa sababu sakafu ilikuwa imelowa.

Alirudi amekunja uso. "Nimepambana naye, Somo. Amekataa katakata. Anasema ni siku moja tu."

"Siku moja ni karibu mwaka mzima wa mafuta!"

"Nimemwambia. Hasikii."

Nilimshukuru. Nilimkumbatia kabisa, mbele za watu. Mkurugenzi na tai yake, ile anayoivaa hata mvua ikinyesha ya kuangusha miti, nimeshindwa hata kumtazama alipopita.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua haikukata usiku kucha. Barabara ya kutoka uwanja wa ndege imekatika, Mheshimiwa hawezi kufika. Kesho.

Nimepiga hesabu upya: kumi na moja kasoro. Nimepiga simu ofisi ya Mkurugenzi. Katibu wake: "Yuko na maandalizi ya ugeni, dada, labda uongee na Naibu." Nikaongea na Naibu. Naibu akapanda tena juu, akarudi tena ameinamisha kichwa.

Baada ya chakula nimepiga hesabu tena. Kumi. Vijana wangu wa dawati hawaniangalii usoni.

Nyumbani mama mkwe kauliza, "Gari lako limefika?"

"Bado, mama. Limesimamishwa barabarani kumsubiri mtu mkubwa."

"Ah," akasema. "Kumbe huko nako ni kama huku."

Jumanne, 12 Machi

Asubuhi: nane na nusu. Sasa kinazidi kupungua mwendo kwa sababu dunia inakivuta kirudi, na kila saa inakuwa ghali kuliko iliyotangulia.

Mheshimiwa alifika alasiri, suruali zimelowa mpaka magotini, akiwa na watu wa kamera. Nilimfuata Mkurugenzi mlangoni, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, hii tunaijutia." Akanitazama kama hajaelewa, akasema, "Tumeshaongea na Naibu, mwanangu, usiwe na wasiwasi," akaendelea kuonyesha njia.

Nikatuma amri. Injini ya chombo kilicho mbali kiasi kile haionekani wala haisikiki. Kinachoonekana ni namba kwenye skrini, zinabadilika taratibu. Sisi tuliokuwa tunajua tulizikodolea macho. Mheshimiwa alikuwa anajibu ujumbe kwenye simu. Iliwaka muda mrefu kuliko nilivyowahi kupanga katika maisha yangu, na kila namba iliyoshuka kwenye tangi niliiandika. Ilipozimika, watu wakapiga makofi. Mheshimiwa akainua kichwa.

"Ndiyo hiyo?" akauliza.

"Ndiyo hiyo, Mheshimiwa," akasema Somo, anatabasamu.

"Sawasawa. Hongereni."

Miaka saba. Kumi na miwili imekuwa saba, na yule bwana angeweza kuonyeshwa skrini yoyote ile. Tungemwashia hata feni.

Jumatano, 13 Machi

Sikwenda kazini.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua.

Jumatatu, 18 Machi

Mkurugenzi kaniita ofisini kwake. Juu ya meza kulikuwa na taarifa ya kwenda kwa wafadhili, inasema mafuta yamepungua kwa sababu roketi ilitoa kasi pungufu. Kila neno humo ni la kweli, na lote kwa jumla ni uongo. Alitaka nitie sahihi kwa niaba ya dawati la njia.

"Sitii," nikasema. "Roketi ilitoa tulichoiomba. Mafuta umeyamwaga wewe, mzee, kwa kumsubiri mtu asiyejua hata alichokuja kukiona. Naibu amekuja kukusihi mara mbili."

Nilijiandaa kufukuzwa. Badala yake akavua miwani, akaiweka juu ya meza.

"Kunisihi nini?"

"Tusichelewe."

Akasema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Mwanangu, ni Naibu aliyekuja Jumapili alfajiri, kabla sijapiga ile simu, na wazo la kusubiri. Mimi nilimuuliza kitu kimoja tu: dawati la njia linasemaje? Akaniambia, nimeongea na Somo wangu, anasema kunasubirika, hasara ni ndogo. Jumatatu akaja kuniambia vilevile. Mimi si mtu wa njia. Ninyi wawili mnaongea kwa mdomo mmoja, kila mtu anajua hapa."

Nikamuuliza kama aliiona karatasi ya hesabu niliyompa Naibu. Hajaona karatasi yoyote.

Nilitegemea basi atainuka, atamwita, atafanya kitu. Alilegeza tai, ndiyo kitu pekee alichofanya. "Nastaafu Mei," akasema. "Tukilipua hili sasa, kituo kinafungwa, na mafuta hayarudi. Itasaidia nini?"

Wiki nzima nilimchukia kwa kosa ambalo si lake. Leo ana la kwake, na sina hata nguvu za kumchukia.

Sikutia sahihi. Taarifa imekwenda bila mimi.

Jumanne, 19 Machi

Kahawa ililetwa mezani kama kawaida. Niliiacha ikapoa.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua ilinikuta getini, basi la wafanyakazi limeshaondoka. Gari la Somo likasimama, akafungua mlango. Niliingia. Nilitaka kumsikia akiwa hana pa kukimbilia.

Tulikwenda kitambo, vifuta vioo vinapiga huku na huku.

"Mkurugenzi ameniambia," nikasema.

Hakuuliza nini. Akaegesha pembeni, mbele ya duka la matairi lililofungwa, akazima injini.

"Kituo kilikuwa kinafungwa, Somo. Ulikuwa hujui, kwa sababu wewe unatazama juu tu. Mfuko ulikuwa unaisha Juni. Yule bwana alisema wazi, nataka niwe pale chombo kikisukumwa, nipigwe picha, niwe na cha kusema bungeni. Ameiona. Jana wamesaini miaka kumi. Mishahara ya watu mia mbili, na wewe mmojawapo."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekupa kitu kingine cha kumwonyesha! Kila baada ya wiki chache tutakuwa na msukumo mdogo. Angejua tofauti? Aliuliza 'ndiyo hiyo'!"

Akanigeukia. Nikaona kwamba hilo hakuwa amelifikiria kabisa, na kwamba lilimuuma, lakini si kwa sababu ya chombo. Lilimuuma kwa sababu lilikuwa rahisi na halikumjia yeye.

"Na kwa nini ulitumia jina langu?" nikauliza.

"Kwa sababu lako wanaliamini."

"Ulinikumbatia."

"Wewe ndiye uliyenikumbatia," akasema. Kisha, akiangalia mvua, "Ungekuwa kwenye kiti changu ungefanya hivyo hivyo. Ila hujawahi kupewa kiti ukaogopa kukipoteza. Ni rahisi kuwa msafi ukiwa chini."

Nilifungua mlango nikashuka. Nimetembea mpaka nyumbani. Viatu vimeachia soli.

Mama mkwe alinitazama kutoka kitandani, nikiwa natiririka maji kama mtu aliyeokolewa mtoni. Sijui kwa nini nilimweleza yeye na si mume wangu. Nilimweleza yote, ya karatasi, ya ngazi, ya kukumbatiana. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mlete hapa huyo Somo wako," akasema nilipomaliza, "nimpige teke na huu mguu mbovu, maana ule mzima nauonea huruma, usije ukaumia."

Nikacheka, halafu nikalia. Akanisogezea kanga yake nijifute.

Jumapili, 24 Machi

Nimemwambia mume wangu. Anasema nipeleke habari kwenye magazeti. Mama yake amemkatiza kutoka sebuleni: "Na ukishapeleka, gari litaongezwa mafuta?" Si kwamba alikuwa anamtetea Somo. Aliuliza kweli, alitaka kujua. Swali limenikaa siku nzima.

Alhamisi, 28 Machi

Mume wangu bado amenuna. Anasema ninawalinda. Huenda.

Jumatatu, 1 Aprili

Ipo njia inayowezekana.

Chombo hakikai kwenye nukta yenyewe. Kinaizunguka kwa mbali, kitanzi kikubwa kinachochukua karibu nusu mwaka. Tulipanga kitanzi chembamba, ili antena zetu zikione kwa urahisi, na kukikunja kiingie kitanzi chembamba kunahitaji msukumo mkubwa. Lakini kikiachiwa kiingie kitanzi kipana, karibu kinateleza chenyewe. Antena zitahangaika zaidi, wanasayansi watapoteza muda fulani wa kupokea picha, watalalamika. Mafuta yatabaki.

Nimewaita vijana wa dawati. Tunaanza leo.

Ijumaa, 5 Aprili

Hesabu zimekubali. Nimezijaribu kwa namna zote ninazozijua na mbili ambazo vijana wamebuni. Tunarudisha miaka miwili. Saba itakuwa tisa.

Nimempelekea Naibu, kwa maandishi, nakala kwa Mkurugenzi na kwa madawati yote. Hakuna tena kutumwa kwa mdomo. Kajibu neno moja: "Endeleeni."

Jumatatu, 8 Aprili

Kimeingia.

Mvua ilikuwa nzito mno, mawimbi kutoka kwenye chombo yakawa yanafifia, mara yanakatika kabisa. Tulituma amri kisha tukawa hatuoni lolote. Skrini tupu. Maji yanadondoka tu kwenye ndoo pale katikati. Kijana mmoja akaanza kuomba kwa sauti na hakuna aliyemkanya. Nilifikiri: ikiwa kimepita, hakuna wa kulaumiwa ila mimi, kitanzi hiki ni changu.

Wingu lilipopungua, namba zikarudi moja moja. Kilikuwa palepale. Kilikuwa mahali pazuri kuliko nilivyopanga.

Sikulia safari hii. Nimekuja nyumbani nikamwambia mama mkwe, "Limefika."

"Mahali patupu?"

"Mahali patupu."

"Basi kaa ule," akasema. Alikuwa amejikokota jikoni na mguu wake akanipashia chakula. Mume wangu anasema hajawahi kumwona akimpashia mtu chakula tangu baba yao afariki.

Jumatano, 10 Aprili

Kwenye taarifa ya habari Naibu amesema, "Kutokana na kasi pungufu ya roketi, tulibuni njia mpya iliyookoa chombo." Tulibuni. Mtangazaji akamwita shujaa. Wametaja jina. Jirani kanigongea mlango kunipongeza, akidhani ni mimi.

Jumanne, 30 Aprili

Msukumo wa kwanza wa kukishikilia. Kukaa kule ni kama kuuweka mpira juu ya mgongo wa kilima: upande mmoja unarudi kwetu, upande wa pili unapotea moja kwa moja, na wenyewe hautulii. Kwa kuwa tunasukuma upande mmoja tu, tunakiacha daima kielemee kwetu kidogo, kisha kila baada ya wiki tatu tunakirudisha. Ukikiwahi, ni pumzi tu. Tumekiwahi. Hakuna mgeni aliyekuja kutazama.

Ijumaa, 17 Mei

Mkurugenzi kaagwa leo. Alinivuta pembeni, mkono wake ulikuwa wa baridi. "Niliandika barua," akasema, "kueleza yaliyotokea. Halafu nikaichana." Sijui alitaka nimjibu nini. Nikamtakia mapumziko mema.

Nafasi yake imejazwa siku hiyohiyo. Kila mtu alijua na nani.

Jumatatu, 20 Mei

Mkurugenzi mpya kaniita. Ofisi ile ile, pazia jipya. Kanipa unaibu. Nikakataa.

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu nikikubali, kila utakalosema litakuwa tena kwa jina langu."

"Utaacha kazi?"

"Hapana. Nikiondoka atakishika nani?"

Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nikaona macho yake yamelowa. "Nimekukosa, Somo," akasema. Ninaamini ni kweli. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba ni kweli, na kwamba hata mimi nimemkosa, na halibadilishi kitu. Nilimuaga kwa adabu nikafunga mlango.

Ijumaa, 24 Mei

Mvua zimekata. Mama mkwe ameanza kupanda ngazi. Anasema akipona atarudi kwake, nikamwambia asifanye haraka, akanitazama kama nimemtukana, kisha akageuka kuficha uso.

Jumanne, 28 Mei

Leo walikuja wanafunzi wa sekondari, ukumbi ukajaa. Paa limezibwa kwa fedha mpya na ukutani wametundika bango kubwa la chombo, lenye maelezo chini. Sikuwa nimelisoma. Nililisoma leo nikiwa nasubiri namba: Umri uliolengwa: miaka minane.

Minane. Hakuna aliyewahi kulenga minane; tulilenga kumi na miwili. Nilisoma mara mbili.

Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyewatembeza. Anajua kuongea na watoto, hilo sitamnyima. Akawaeleza nukta, kitanzi, mpira juu ya kilima, kwa maneno yangu karibu yote. Msichana mmoja wa mbele akainua mkono, akauliza kitaishi mpaka lini.

"Miaka tisa," akasema. "Mwaka mmoja zaidi ya lengo."

Wakashangilia. Msichana akauliza tena, "Na nani aliyekiongezea huo mwaka?"

Mkurugenzi akageuka, akanitafuta kwa macho, akanyoosha mkono. "Yule pale. Ndiye bora tuliye naye."

Watoto wote wakanigeukia, wakapiga makofi, kwa moyo, kama watoto wanavyopiga. Walimu nao, vijana wa dawati langu nao, wanaojua kila kitu, wakaanza mmoja mmoja wakiangalia chini.

Nikainuka kitini. Nikawapungia.